Kujiunga na kikundi si kukiunda

"Mwalimu, sisi tulishaunda kikundi tangu Jumatatu." Muhula huu nimeambiwa hivyo mara nyingi kuliko nilivyoamkiwa shikamoo, na karibu kila mara hakuna kilichoundwa.

Mwanafunzi kujichagulia kikundi kwenye mfumo wa masomo mtandaoni, tuseme Moodle, ni hivi: mwalimu anatengeneza vikundi vitupu, anaweka idadi ya nafasi, kisha mwanafunzi anabonyeza anachokitaka. Kikijaa, anatafuta kingine. Basi.

Sasa hilo neno. Kuunda kwa asili ni kazi ya vyombo vya baharini. Ukimkuta fundi pale Mikindani na tezo lake, kalaza mkuku, anapachika mataruma, huyo anaunda mashua: jana haikuwepo, kesho itaelea. Kuunga ni kazi nyingine kabisa. Kamba iliyokatika huungwa, mfupa huungwa, hata kisamvu huungwa kwa nazi. Vitu vipo tayari, wewe unavikutanisha. Tia "ji" katikati, upate kujiunga: unajiunganisha mwenyewe na kitu ulichokikuta. Mkulima wa korosho akilipa kiingilio AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, kajiunga. Akina mama wanaokaa chini ya mwembe wakaandika katiba ya VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, na kumchagua mweka hazina, hao wameunda. (Canvas, mfumo mwingine wa masomo mtandaoni, inaweza kuwaruhusu wanafunzi waanzishe vikundi vyao wenyewe, na hapo "tumeunda" ni halali. Sisi hatuitumii.)

Mtasema nabishana na maneno. Muhula uliopita wanafunzi sita walikuwa na grupu la WhatsApp, lina picha ya korosho na maadmini wawili. Kwenye mfumo hawakubonyeza chochote, waliona wameshaunda. Moodle, usipoibadilishia mipangilio, kwenye kazi ya vikundi humtia kila asiye na kikundi kwenye kapu moja, na kapu hilo hupokea kazi moja tu. Wakapakia yao saa tatu usiku. Kabla ya saa nne mwenzao mmoja aliyekuwa likizo Tandahimba, naye hana kikundi, akafungua, akakuta faili asilolijua. Akadhani ni hitilafu, akalifuta, akaweka lake. Hakuwa mkorofi. Asubuhi nikakuta insha moja ya watu saba, na sita kati yao hawajawahi kuisoma.

Siku hizi ipo swichi ninayoiwasha, asiye na kikundi asiweze kukusanya kabisa. Imepunguza vilio, haijalipunguza neno. Ijumaa hii tena kijana kanifuata mlangoni, simu mkononi, ananionyesha grupu lao lenye watu watano na jina zuri kabisa. Nikamwambia hongera, mwanangu, hilo mmeliunda kweli. Sasa fungua mfumo unionyeshe mmejiunga kikundi cha ngapi.