Mavuno kwa juhudi si hesabu ya samaki waliomo baharini

Mavuno kwa juhudi ni kilo za samaki waliovuliwa ukizigawanya kwa kazi iliyotumika kuwavua. Basi. Kwa jarife, yaani wavu unaotegwa majini, kazi hiyo ni urefu wa wavu na saa ulizokaa majini. Kwa wavu wa kukokota, ni saa za kukokota. Kwa mshipi mrefu, yaani kamba ndefu yenye ndoano nyingi, samaki huhesabiwa kwa kila ndoano 1,000.

Kinachochosha ni mtu kuona namba hiyo haijashuka, akatangaza kuwa samaki bado tele. Namba hiyo hupima jinsi samaki anavyopatikana. Nahodha akifunga kifaa cha kutafutia samaki na injini kubwa zaidi, daftari bado litaandika "siku 1 ya chombo", ingawa siku hiyo si ile ya zamani.

Samaki wa makundi ndio wanaodanganya zaidi. Wakipungua, huenda wakajikusanya eneo dogo, kundi likabaki nene vilevile, na anayejua lilipo akavuna kama kawaida karibu mpaka mwisho. Ndivyo ilivyokuwa kwa chewa wa Atlantiki (cod) huko Newfoundland, Kanada: meli za kukokota ziliendelea kupata vizuri, makadirio ya samaki waliobaki baharini yakavimba, na Julai 1992 uvuvi ukafungwa. Kinyume chake kipo pia. Ndoano ikishanasa samaki haivui tena, kwa hiyo palipo na samaki wengi mno namba hukwama.

Halafu kuna safari tupu, ambazo karani wa bandarini mara nyingi hazimfikii kwa kuwa hakuna cha kupima. Safari 10, 6 zimeleta kilo 50 kila moja, 4 hazikupata kitu: wastani ni kilo 30, si 50.

Ndiyo maana mwanabiolojia wa uvuvi huisawazisha namba hiyo kwanza, akiondoa athari za tofauti za zana, mwezi, kina, eneo, ukubwa wa chombo. Kisha huilinganisha na urefu wa samaki wanaoshushwa, na utafiti wa meli inayotupa wavu kwenye vituo vilivyopangwa kwa bahati nasibu, wawepo samaki wasiwepo.

Kwa hiyo namba isiposhuka, ni sawa kusema "samaki wanapatikana kama mwaka jana," ukitaja zana na msimu. "Samaki wapo kama mwaka jana" ni dai jingine, na linahitaji ushahidi wake.