Je, wajua kwa nini Kwaresima ni siku 40 ilhali kalenda inaonyesha 46?

Fungua kalenda ya mwaka 2026. Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, ni tarehe 18 Februari, Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Hesabu siku zote kuanzia Jumatano ile mpaka Jumamosi Kuu: Februari inatoa 11, Machi 31, Aprili 4. Jumla ni 46. Jaribu mwaka mwingine wowote, jibu ni lilelile, maana Jumatano ya Majivu hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka Pasaka yenyewe. Na bado padre, katekista na mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wote watakuambia kwamba Kwaresima ni siku arobaini. Hizo sita zimekwenda wapi?

Jibu fupi ni kwamba ni Dominika, yaani Jumapili. Kati ya Majivu na Pasaka zimo Dominika sita, ya mwisho ikiwa Dominika ya Matawi, na Dominika haifungwi. Ukizitoa, zinabaki 40 kamili. Kila Dominika ni siku ya Ufufuko, na Wakristo wa mwanzo walilishika jambo hili kwa nguvu kweli. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulifika mahali pa kuagiza kwamba siku ya Dominika watu wasipige magoti, wasali wamesimama.

Jibu refu linapendeza zaidi, kwa sababu hesabu hiyo haikushuka ikiwa tayari. Mtaguso huohuo wa Nisea, katika kanuni yake ya tano, unazitaja zile siku arobaini kabla ya Pasaka bila kuzieleza, kana kwamba kila askofu aliyekuwamo alikuwa anazifahamu. Namba yenyewe ilitoka katika Maandiko. Musa alikaa Sinai siku arobaini mchana na usiku. Eliya, akiwa amechoka mpaka kuomba kufa, alikula mkate na kunywa maji, kisha akatembea siku arobaini hadi Horebu. Yesu alifunga jangwani siku arobaini. Namba ilikuwa moja, lakini kila Kanisa lilikuwa na namna yake ya kuhesabu.

Roma walianza Dominika ya kwanza ya Kwaresima na kuishia Alhamisi Kuu. Irudie kalenda ya 2026: kuanzia 22 Februari mpaka 2 Aprili utapata 40 barabara, Dominika zikiwemo. Hizo zilikuwa siku 40 za toba na za kuwaandaa wakatekumeni waliosubiri ubatizo usiku wa Pasaka. Lakini ukihesabu siku za kufunga peke yake, mpaka Jumamosi Kuu, unapata wiki sita zenye siku sita sita, yaani 36. Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, aliona maana katika upungufu huo. Mwaka una siku 365, alisema, na 36 ni sehemu yake ya kumi. Basi mfungo ni zaka ya mwaka tunayomtolea Mungu. Kwangu mimi hilo ni moja ya mafundisho mazuri kuliko yote kuhusu Kwaresima, na nasikitika kwamba siku hizi halisikiki mimbarini.

Baada ya Gregori, watu walitaka wafunge siku 40 kamili kama Bwana. Zikaongezwa siku nne mbele: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Ndiyo sababu Kwaresima yetu inaanza katikati ya wiki, jambo ambalo bila historia hii lingekuwa la ajabu. Milano, wanakofuata liturujia ya Mtakatifu Ambrosi, hawakuziongeza. Mpaka leo Kwaresima yao inaanza Dominika, na wao ni Wakatoliki kama sisi. Nao Waorthodoksi wa Ethiopia wana mfungo wa siku 55 kabla ya Pasaka.

Kuna jambo jingine ambalo hata waamini wa muda mrefu hawalijui. Kwa kalenda ya liturujia iliyotangazwa na Papa Paulo VI mwaka 1969, Kwaresima inakwisha Alhamisi Kuu, kabla ya Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana. Kuanzia hapo tumeingia Siku Kuu Tatu za Pasaka. Ijumaa Kuu tunafunga, na Jumamosi Kuu tunashauriwa kuendelea, lakini huo tayari ni mfungo wa Pasaka, wa kumsubiri Bwana kaburini.

Sasa, swali la Dominika. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja, na mahali ambapo Wakristo na Waislamu wanakaa nyumba moja au wanafanya kazi ofisi moja, swali haliepukiki: mbona ninyi Jumapili mnakula? Anayefunga mchana kutwa, kila siku mpaka Idi, ana haki ya kuuliza. Mpe jibu la kweli: kwetu Jumapili ni siku ya Ufufuko, na Ufufuko haufungiwi. Hata hivyo Dominika hizo zimo ndani ya Kwaresima. Kasula, vazi la juu la padre katika Misa, ni ya zambarau, Aleluya haiimbwi, wimbo wa Utukufu hauimbwi, altare haina maua. Ni Dominika ya nne tu, iitwayo Dominika ya Furaha, inayoruhusu maua na kasula ya rangi ya waridi, ili watu wapumue kidogo katikati ya safari.

Je, aliyeacha bia kwa ajili ya Kwaresima aruhusiwe chupa mbili Jumapili? Sheria ya Kanisa haiingii huko. Inaagiza kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye umri kuanzia miaka 18 hadi kutimiza 59: mlo mmoja wa kushiba, na viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo kamili. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14, siku hizo mbili pamoja na Ijumaa, kadiri Baraza la Maaskofu la nchi lilivyopanga. Mengine yote, pombe, sukari, simu, tamthilia, ni nadhiri ya mtu na Mungu wake. Maoni yangu ni kwamba kama kitu kinakutawala, usikipe likizo ya Jumapili. Kama ni kitamu tu ulichokiacha kwa upendo, kipokee Jumapili kwa shukrani na Jumatatu ukiache tena. Na kile ulichookoa kisibaki mfukoni. Kufunga bila sala na sadaka ni kushinda njaa tu. Kenya wanalishika hili vizuri: kila mwaka maaskofu hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima chenye mada ya kila wiki, na jumuiya ndogondogo hukaa kujadili haki, ardhi, maji au rushwa katika mtaa wao wenyewe.

Tazama pia majivu yenyewe yanavyotengenezwa, maana hapo utaona jinsi mwaka wa Kanisa unavyoungana kichwa na mkia. Dominika ya Matawi watu hurudi nyumbani na tawi lililobarikiwa, pwani mara nyingi ni la mnazi, na kulichomeka nyuma ya msalaba sebuleni au juu ya mlango. Hapo hukaa mwaka mzima, likigeuka kutoka kijani hadi rangi ya majani makavu, likikusanya vumbi na moshi wa jikoni. Siku chache kabla ya Kwaresima inayofuata hutangazwa kanisani: leteni matawi ya zamani. Yanachomwa, yanapondwapondwa, yanachekechwa mpaka unga uwe laini kama masizi. Majani yaliyopungwa kwa shangwe za Hosana ndiyo yanayopakwa kwenye paji la uso kwa maneno “u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi”, au “tubuni, na kuiamini Injili”.

Jambo linaloniuma ni hili. Kwaresima tunaijua. Ijumaa Njia ya Msalaba imejaa mpaka watu wanasimama nje, foleni ya kitubio inazunguka kanisa. Pasaka inafika, tunakula pilau, na Jumatatu yake kila kitu kimekwisha. Lakini Kanisa linatoa siku 40 za toba na siku 50 za furaha. Kuanzia 5 Aprili mpaka Pentekoste, 24 Mei, Pasaka inaadhimishwa kama sikukuu moja isiyokatika, Dominika moja kubwa. Siku nane za kwanza, Oktava, kila moja ina hadhi ya sherehe, na kwa sababu hiyo Ijumaa ya Oktava hakuna amri ya kuacha nyama. Ni watu wangapi wameambiwa hivyo?

Kuziishi siku hizo 50 si kazi ngumu. Sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni, inapisha sala ya Malkia wa Mbingu, inayosaliwa watu wakiwa wamesimama. Parokia ikitaka, inaweza kufanya Njia ya Mwanga, yenye vituo 14 kama Njia ya Msalaba, kuanzia Ufufuko hadi kushuka kwa Roho Mtakatifu. Dominika ya pili ni ya Huruma ya Mungu, tangu Yohane Paulo II alipoitangaza mwaka 2000. Waliobatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka wapo kanisani wakiwa wapya. Waalikwe jumuiyani, wapelekewe chakula, watembelewe. Tulifunga kwa ajili ya maskini siku 40, basi tuwakaribishe mezani siku 50.

Pentekoste ikipita, mshumaa wa Pasaka unaondolewa karibu na mimbari na kupelekwa kwenye kisima cha ubatizo. Jumatatu, 25 Mei, ni kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Kanisa, iliyowekwa kwenye kalenda na Papa Fransisko mwaka 2018, na Kipindi cha Kawaida, yaani wiki za mwaka wa Kanisa zilizo nje ya vipindi maalumu, kinaendelea pale kilipokatizwa. Mwaka 2026 kiliachia wiki ya 6 na kinarudi kwa wiki ya 8. Ile ya 7 haipo, kwa sababu wiki hizi huhesabiwa kutoka mwisho, ili ya 34 ikamilike Jumamosi kabla ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, ambayo yanaanza 29 Novemba.