Kwa nini mwanambuzi aliyechangamka mnadani huzubaa siku ya tatu nyumbani?

Umenunua mwanambuzi mnadani, anarukaruka. Kirikuu kimemfikisha Uyole, Mbeya, jioni, na kwa kuwa umempenda unamwekea beseni zima la pumba za mahindi. Siku ya tatu amesimama pembeni, masikio yamelegea, mkia umelowa kinyesi. Jirani atasema umeuziwa mgonjwa. Inawezekana, lakini mara nyingi jibu limo tumboni, na shida ilianzia njiani.

Tumbo la kwanza la mbuzi, lile kubwa la upande wa kushoto, limejaa bakteria na vijidudu vingine visivyohesabika. Hivyo ndivyo vinavyovunja majani magumu, naye mbuzi huishi kwa vile vinavyotoa. Kila chakula kina vijidudu vyake. Mbuzi aliyekulia kwenye vichaka vya Chunya amebeba vijidudu vya vichaka, na vinahitaji kama wiki mbili kuzoea chakula kingine. Akishindiliwa pumba siku moja, vile vinavyotengeneza asidi huzaliana upesi na kuua vingine. Asidi hiyo huunguza ukuta wa tumbo na kuvuta maji kutoka mwilini. Ndiyo maana anaharisha, na ndiyo maana macho yanadidimia.

Upweke nao una sehemu yake, kubwa kuliko wengi tunavyodhani. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Ukimleta mmoja, atalia usiku kucha na hatakula. Asipokula, vijidudu vyake vinakosa chakula na kupungua. Njaa ikimzidi anaivamia pumba, na tumbo halina tena nguvu ya kuipokea. Kwa hiyo nunua wawili, hata kama fedha inakulazimu kusubiri mwezi mwingine. Sheria hii ni ile ile hata kwa mbuzi vibeti wenye asili ya Afrika Magharibi, wanaofugwa Ulaya na Marekani kama wanyama wa kupendezesha nyumba.

Halafu kuna baridi yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Juni na Julai, Uyole, Makete au Mufindi, mwanambuzi aliyetoka nyanda za chini zenye joto hutetemeka kweli. Hapa tumbo lilelile linageuka kuwa jiko: vijidudu vinapochachusha majani hutoa joto, na majani makavu yenye nyuzi huchachuka polepole mpaka usiku. Ukimpa nyasi kavu za kutosha jioni umempa blanketi la ndani. Pumba haifanyi kazi hiyo. Banda liinuliwe sakafu, liwe kavu, na ukuta wa upande upepo unakotokea uzibwe. Juu acha hewa ipite, kwa sababu harufu ya mkojo iliyofungiwa huumiza mapafu.

Siku ya kununua, muulize muuzaji: walikuwa wakila nini? Kama inawezekana ondoka na gunia la chakula hichohicho. Wakifika, wape kwanza maji ya uvuguvugu, kisha nyasi kavu, na pumba waisubiri. Chakula kipya kianze na robo ya mlo, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Watenge na mbuzi wako wengine kwa wiki tatu, kwa sababu magonjwa kama sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu huingia bandani na mgeni. Uchovu wa safari pia huwapa koksidia, vijidudu vinavyoleta kuhara, nafasi ya kuzaliana kwenye utumbo wa watoto, jambo ambalo dawa ya minyoo haitibu.

Na huku kwetu, ambako miparachichi imejaa mashambani, usiwakatie matawi yake. Majani ya mparachichi yana sumu inayoharibu kiwele na misuli ya moyo. Viazi vilivyogeuka kijani navyo vitupe mbali nao.

Kila asubuhi bonyeza ngumi ubavuni kushoto, utulie dakika moja. Tumbo lenye afya husukuma mkono mara moja au mbili. Ukikuta kimya, au ubavu umevimba kama ngoma, au joto la mwili limepita nyuzi 40, mpigie afisa mifugo wa kata saa hiyo hiyo. Mwanambuzi anayeharisha ana maji kidogo sana mwilini ya kusubiri kesho.