Mrija wa Pitot wenye hita: "Mtwara kuna joto, ya nini?"

Mrija wa Pitot hupokea hewa ya mbele ili kipimamwendo kisome mwendo wa ndege, na hita yake huzuia barafu isiuzibe. Fundi anayejitengenezea ndege hapa pwani ya kusini ataulizwa swali hilo, na wanaomuuliza hawajakosea kabisa. Ukanda wetu hewa hufikia nyuzi sifuri kwenye kimo cha mita 4,500 hadi 5,000 hivi, na ndege ndogo huruka chini ya hapo. Ila joto la Mikindani lisikudanganye kuhusu mawinguni. Mwaka 2009 Airbus A330 ya Air France ilianguka Atlantiki, karibu na ikweta, ikaua watu 228. Chembe za barafu zilikuwa zimeziba mirija ya kupimia mwendo, na mirija hiyo ilikuwa na hita.

"Hita ikiwepo, mrija hauzibi." Huu ndio uongo mkubwa zaidi kwetu, maana mgeni wa kwanza wa mrija huku ni nyigu wa udongo. Tundu likiachwa wazi, anajenga humo, na hita haiyeyushi udongo. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, ikaua watu 189. Wachunguzi walishuku viota vya nyigu. Kinga yake ni kifuniko chenye utepe mwekundu mrefu, kivuliwe kabla ya kuruka na kabla ya kuwasha hita.

"Taa ya swichi imewaka, basi hita ni nzima." Taa nyingi zinaonyesha tu kwamba umeme umefika kwenye swichi. Waya wa hita ukikatika ndani ya bawa, taa itaendelea kung'aa. Tazama amita, kipimo cha mkondo wa umeme: hita nyingi za volti 12 hula ampea 8 hadi 12, kwa hiyo sindano lazima iruke. Waya mwembamba wa redio hauufai mzigo huo, na mpira wa kupitishia hewa usiunganishwe moja kwa moja na mrija unaochemka. Kwenye mrija anza na kipande cha bomba la alumini, ndipo ufuate mpira. Majaribio ya ardhini yawe mafupi, na usiguse kwa vidole.

"Kupima kipimamwendo, puliza kwa mdomo." Hapana, pumzi inaweza kuharibu chombo. Chukua mpira unaopitisha mwanga, uukunje kama herufi U, utie maji, ncha moja uivishe kwenye mrija. Ziba kwa utepe kitundu cha kutolea maji. Inua upande ulio wazi polepole mpaka tofauti ya maji ifike sentimita 16 na nusu: kipimamwendo kisome noti 100, sawa na kilomita 185 kwa saa. Kwa noti 50 zinatosha sentimita 4 na kidogo, kwa kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili shinikizo huongezeka mara nne. Kisha bana mpira, usubiri dakika moja. Sindano ikishuka, hewa inavuja. Anza kukagua viungio vya kwenye shina la bawa. Ukimaliza, shusha maji taratibu, na ule utepe wa kwenye kitundu ubandue.