Chuma cha Zamani Kinaoza, Tena Kinaoza Vizuri

Nimeambiwa tena. Safari hii ni mzee mmoja mwenye pikapu ya Datsun 1200. Aliingia gereji, akaipiga boneti kwa kiganja mara mbili, akasema: "Fundi, hii ni chuma ya kitambo. Si haya makopo ya siku hizi. Wewe piga puti hapo chini, paka rangi, tumalizane." Puti ni ule uji mzito wa kusawazisha bati. Wakati anasema hayo, sili ya upande wa dereva, yaani lile boksi la bati chini ya milango, ilikuwa inamwaga unga mwekundu kwenye sakafu yangu.

Nilimjibu kwa heshima, maana ni mzee. Hapa sitakuwa na heshima hiyo.

Mimi ni fundi wa bodi, Nakuru. Kwa muda sasa, jioni na wikendi, nafufua Peugeot 504 station wagon nyuma ya nyumba pamoja na kijana wangu wa Form Three, ambaye hakuomba kazi hii na hajachoka kunikumbusha. Tulilitoa gari kwenye shamba moja upande wa Njoro, nyasi zimepanda hadi kwenye rimu. Mliopanda matatu za Nakuru na Nairobi enzi zile mnalijua: safu tatu za viti, springi nne za koili nyuma, na mizigo juu ya kichwa. Siku ya kwanza kijana alilizunguka, simu mkononi, akanisikia nikimsifia jirani gari, kisha akauliza, "Baba, kama chuma ya kitambo ni noma hivyo, mbona tunaikata?"

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali lenye akili kuliko hilo.

Tuanze na unene, kwa sababu ndipo watu huanza kupiga boneti. Bati la mlango wa gari la miaka ya 1970 ni takriban geji 20, yaani milimita 0.9 hivi. La gari la leo liko karibu na 0.7. Tofauti hiyo ndiyo "chuma ya kitambo" mnayoiimba: unene wa kucha mbili za mtoto haufiki. Kutu ikishaingia kwa ndani, tofauti hiyo inakupa misimu michache ya mvua, basi.

Tofauti ya maana iko kwenye kinga. Gari la enzi ya 504 lilikuwa bati tupu lililopakwa praima, ile rangi ya chini, kisha rangi yenyewe, na ndani ya maboksi yaliyofungwa kama sili, praima ilifika ilipofika. Porsche walianza kuijenga 911 kwa bati lenye zinki mwaka 1976. Audi wakafanya hivyo kwa bodi nzima ya Audi 100 mwaka 1985, na baadaye zinki ikawa jambo la kawaida. Viwanda pia vilizoea kuzamisha bodi yote kwenye praima inayovutwa na umeme, ikashika hadi kwenye pembe ambazo bunduki ya rangi haioni. Na zinki haifuniki tu. Bati likichubuka, zinki iliyo jirani ndiyo inayoliwa kwanza, kwa kuwa inaachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Nilipofika hapo kijana alinikatiza bila kuinua macho, akanipangia zinki na chuma na shaba kwa mfuatano wao, akaongeza kwamba swali hilo lilikuja kwenye mtihani na alilipata. Ilikuwa mara ya kwanza azungumze kule nyuma bila kuguna.

Mtasema: basi mbona 504 bado zinatembea? Kwanza, huku bara hatumwagi chumvi barabarani. Ulaya humwagwa kila msimu wa theluji, na 504 zao nyingi zilikwisha kwa sababu hiyo. Kilichookoa zetu ni hali ya hewa, sifa kikapewa chuma. Niletee gari la umri uleule lililoishi ufukweni Mombasa tulilinganishe. Pili, mnayaona yaliyobaki. Yaliyooza yaliuzwa kwa kilo zamani na sasa ni nondo ndani ya nyumba ya mtu. Huwezi kuhesabu walio hai ukasema hakuna aliyekufa.

Halafu kuna wa Safari Rally. Ndiyo, 504 ilishinda mwaka 1975, ikashinda tena 1978. Mbio za siku chache zinapima springi na dereva. Kutu haijawahi kusajiliwa kwenye mbio zozote na bado ndiyo inayomaliza ya kwanza.

Na kabla mtu hajaniletea hadithi ya ajali, kwamba la zamani likigonga la leo, la leo linakunjika: mwaka 2009 taasisi ya bima ya Marekani inayopima usalama barabarani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Chumba cha dereva cha Bel Air ndicho kilichoporomoka. Cha Malibu kilibaki. Kukunjika kwa pua ya gari la leo ni kazi iliyopangwa.

Sasa puti. Hapa nitakaa.

Puti si dhambi, naitumia kila siku. Ni polista iliyochanganywa na unga wa talki, na kazi yake ni kusawazisha bati zima lililosafishwa hadi linang'aa, kwa tabaka lisilozidi milimita 3 hivi. Talki hunywa unyevu, ndiyo maana gari lenye puti isiyopakwa praima halilali nje kwenye mvua. Lakini mtu anachukua tundu la kutu, anashindilia gazeti nyuma yake (nimekuta pia gunia, na wavu wa kuku), anajaza puti nene, anapiga msasa, anapaka rangi nzuri kabisa. Kwa nje ni kioo. Kwa ndani ya sili, mahali maji yalipo, puti iko wazi na inakunywa.

Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Watu wanaamini kutu inataka hewa, kwa hiyo ukiifunika umeiua. Ingekuwa kweli kama ungeifunika pande zote isipate unyevu kabisa, na hilo kwa puti halifanyiki. Kinachofanyika ni kinyume. Chuma kinachopata oksijeni nyingi na chuma kinachopata kidogo, vikiunganishwa na unyevu uleule, vinatengeneza betri ndogo. Upande unaoliwa kwenye betri hiyo ni ule wenye oksijeni kidogo. Yaani chini ya puti. Chini ya tope. Katikati ya mshono wa mabati mawili. Ndiyo maana unabandua puti ya juzijuzi na kukuta tundu la kidole limekuwa la kiganja. Isitoshe, kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma. Puti inainuka, ufa unafunguka, maji yanaingia kwa raha zao.

Ongeza vumbi la Nakuru, lile laini la majivu ya volkano linalopita hata mahali sindano haipiti. Linajaa ndani ya sili. Mvua za Machi hadi Mei zikianza linakuwa tope, na tope hilo hubaki bichi wiki nyingi baada ya barabara kukauka. Waliotengeneza gari walijua, wakaacha matundu ya kutolea maji chini ya sili. Mafundi wa puti huyaziba. Wanaona tundu, wanaona kazi!

Ukienda kununua gari kuukuu, beba sumaku ya spika iliyovikwa kitambaa. Kijana wangu, aliyekataa kata kata kupiga msasa, sumaku aliipenda. Mjomba wake alipokuja na gari lake la fahari, kijana aliipitisha ubavuni mwa gari polepole mbele ya wageni, na chini ya mlango wa nyuma ikadondoka. Akaiokota, akairudisha, ikadondoka tena. Mjomba hajatutembelea tangu hapo. Lakini sumaku nayo ina mipaka: bati jipya lililochomelewa juu ya kutu italing'ang'ania vizuri tu.

Kwa hilo mimi nilikuwa nagonga kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Kijana aliona huo ni uganga. Akatafuta kamera ya waya ya kuchomeka kwenye simu, akaiingiza kwenye sili kupitia tundu la plagi ya mpira, na tukaona ukuta wa ndani umekwisha huku bati la nje likiitika vizuri kila nilipogonga. Ilikuwa mandazi: imevimba nje, ndani hewa.

Na sili si pambo. Gari la namna ya 504 halina chasisi ya kutengwa chini yake, bodi yenyewe ndiyo chasisi, na sili ndiyo mifupa inayounganisha mbele na nyuma. Kwa station wagon jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kati ya ekseli na ekseli kuna mita 2.90, wakati saluni ina 2.74. Ukikata sili bila maandalizi, gari linajikunja katikati kwa kiasi kidogo usichokiona, hadi siku unapofunga mlango na mlango unakataa. Kwa hiyo kwanza unachomelea vyuma vya kushikilia kwenye nafasi za milango, unaweka stendi chini, unapima pembe kwa pembe, unaandika. Unakata upande mmoja, unaumaliza, ndipo unagusa wa pili. Unachomelea doa hapa, doa kule mbali, unasubiri, kwa sababu joto likikusanyika bati linapinda. Tumia mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya. Ile ya stiki kwenye bati la 0.9 inakuachia matundu mengi kuliko uliyokuja nayo.

Vipimo aliviandika kijana kwenye simu. Alipogundua nilisoma utepe kwa kuukadiria akanirudisha nipime upya. Nilikasirika kidogo, nikapima.

Vitu vidogo vya chuma, bawaba na vishikizo, tuliviosha kutu kwa umeme kwenye ndoo: maji, magadi yaleyale ya jikoni, chaja ya betri, kipande cha kutu kwenye hasi na kipande cha chuma chakavu kwenye chanya. Fanyeni nje, kwa sababu inatoa haidrojeni, na sigara iwe mbali. Chanya isiwe chuma cha pua, kwa kuwa inatoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Jambo hili kijana alilisimamia mwenyewe, ingawa ukimuuliza atakwambia alikuwa anakaa hapo kwa sababu ya soketi.

Mambo mengine haraka. Injini: imara, slivu zake, yaani mirija ya silinda, zinatolewa na kubadilishwa, msiogope. Kabureta: tuko juu zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, jeti kubwa, yaani tundu la kupitisha petroli, inalewesha injini kwa petroli, punguza. Breki: kila kitu cha mpira kitoke. Waya zilizotafunwa na panya: zote, msibague.

Wazazi kadhaa waliosikia habari hii wameniambia nifanye vizuri, gari litamnyoosha kijana. Sielewi anyooshwe kutoka wapi. Yeye anapenda kompyuta, na hilo ni sawa. Kuna jioni nilimlazimisha atoke na akashika grainda akiwa amenuna, na mtu aliyenuna na grainda ni hatari kuliko kutu yoyote. Nikamwondoa. Siku hizi akisema hatoki, hatoki, na kazi inachelewa. Bado sina hakika kama nilipaswa kumwita tangu mwanzo. Mama yake anayo hakika, ila hatukubaliani.

Kuhusu dawa za kugeuza kutu, zile zenye asidi ya fosforiki au tanini, kopo linaahidi makubwa. Zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba uliyoikwangua vizuri. Kwenye magamba mazito zinageuza ngozi ya juu, na chini biashara inaendelea. Mimi huzipaka kwenye mishono nisiyoweza kuifikia kwa brashi ya waya, na nikishafunga bati huwa naomba tu.

Nta ya ndani ya sili ndiyo inayonitesa zaidi. Vitabu vinasema tumia nta maalumu na usiguse oili chafu, ina asidi na sumu, na atakayechomelea hapo baadaye atawasha moto. Ni kweli yote. Lakini nimefungua magari ya wazee wa mashambani waliokuwa wakimwaga dizeli na grisi ndani ya maboksi kila mwaka, na nimekuta bati safi kuliko lililopakwa nta ya bei ghali mara moja na kusahauliwa. Nadhani dawa ni kule kurudia kila mwaka, lakini singeapa. Kwa 504 yetu nimeweka nta, matundu ya maji yako wazi, na nimeacha plagi za mpira ili tufungue na kuchungulia kila mvua zikiisha. Kijana ananiambia nitafute mtu mwingine wa kuchungulia, maana kufikia hapo kamera atakuwa ameiuza.