Mbunge wa viti vya nyuma ni nani?

Ukifuatilia siasa za Uingereza, hukawii kusikia habari za "wabunge wa viti vya nyuma": wamenung'unika, wamegoma, wamemtikisa Waziri Mkuu. Maana yake ni nyepesi. Ni mbunge ambaye si waziri wala si waziri kivuli, yaani msemaji wa upinzani anayemkabili waziri wa wizara fulani. Jina limetokana na mpangilio wa ukumbi. Safu za viti vya kijani zinatazamana, chama tawala kuliani kwa Spika na wapinzani kushotoni kwake. Mawaziri na mawaziri vivuli hukaa safu za mbele, wengine kwa kawaida nyuma yao.

Huko nyuma ndiko karibu kila mbunge mpya anakoanzia. Uchaguzi wa Julai 4, 2024 uliingiza wageni 335 katika baraza la chini lenye wabunge 650, na waliopewa uwaziri mdogo papo hapo walikuwa wa kuhesabika. Mgeni haanzi kazi mpaka ale kiapo, cha dini au kisicho cha dini. Kabla ya hapo hachangii mjadala, hapigi kura, wala mshahara hapokei. Akishaapa hugundua kwamba hata kiti hana. Ukumbi huo, uliojengwa upya baada ya kubomolewa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, una nafasi za watu 427 hivi tu. Anayetaka kukaa Jumatano saa sita mchana, Waziri Mkuu anapojibu maswali, huwahi kuweka kadi yake kitini na kuhudhuria sala ya kufungua kikao. Aliyechelewa husimama.

Hotuba yake ya kwanza ina desturi zake: amsifu aliyemtangulia, hata kama ndiye aliyembwaga, alieleze jimbo lake, aepuke ugomvi, nao wenzake humsikiliza bila kumkatiza. Benjamin Disraeli hakupata bahati hiyo. Desemba 1837 alizomewa mpaka akakaa, akiwaambia kwamba iko siku watamsikiliza. Alikuja kuwa Waziri Mkuu mara mbili.

Lakini mtu anayeyatawala maisha ya mbunge mpya kuliko hata Spika, kwa maoni yangu, ni mnadhimu wa chama, au kiranja kama wanavyosema Wakenya, yaani msimamizi wa nidhamu ya chama bungeni. Kila wiki huwapelekea wabunge ratiba ya shughuli. Kura iliyopigiwa mistari mitatu chini yake ni lazima uwepo na ufuate msimamo wa chama. Julai 23, 2024, wiki tatu hazijatimia tangu uchaguzi, wabunge saba wa Labour walipiga kura kinyume na serikali yao wakitaka kiondolewe kikomo cha kuilipa familia posho ya watoto wawili tu. Chama kikawasimamisha. Wote saba walikuwa wenyeji wa Bunge. Wageni walikuwa wakitazama.

Hapa ndipo penye uzito wa dhana yenyewe. Mbunge huyu amepewa kura na watu wa jimbo, lakini cheo anakipata kwa kiongozi wa chama. Uingereza, kama Tanzania, huteua mawaziri kutoka bungeni, kwa hiyo anayeutamani uwaziri hufikiri mara mbili kabla ya kuasi. Kenya ilikata kamba hiyo kwa Katiba ya 2010: waziri hawi mbunge.

Wapo wanaopanda haraka. Rishi Sunak aliingia bungeni 2015, na Oktoba 2022 akawa Waziri Mkuu. Dennis Skinner wa Labour aliwakilisha jimbo la Bolsover kuanzia 1970 hadi 2019 bila kushika uwaziri hata siku moja, na mimi sikubali kwamba alishindwa. Anayeviona viti vya nyuma kuwa baraza ya kungojea cheo amtazame David Steel. Alishinda uchaguzi mdogo mwaka 1965 akiwa na miaka 26, kwa tiketi ya chama cha Liberal, ambacho baada ya uchaguzi wa 1966 kilikuwa na wabunge 12 tu. Uwaziri ungemfikia wapi? Ila katika kila mkutano mpya wa Bunge majina huokotwa kwa bahati nasibu ili wabunge wasio mawaziri walete miswada yao binafsi, na jina lake liliokotwa la tatu. Ndipo ilipozaliwa Sheria ya Utoaji Mimba ya 1967, iliyoruhusu utoaji mimba kwa masharti England, Wales na Scotland. Uikubali au uikatae, imeingia katika maisha ya watu kuliko sheria nyingi zilizoletwa na mawaziri.

Kazi isiyoonekana kwenye televisheni ni ya jimboni, mara nyingi siku ya Ijumaa, katika maktaba au ukumbi wa kanisa. Watu huja na shida za nyumba, za posho, za viza, na mbunge huwaandikia wakubwa wa wizara kwa niaba yao. Huduma hii si ya raia wa Uingereza peke yao. Muuguzi Mkenya au dereva Mtanzania anayeishi katika jimbo hilo anaweza kumpelekea mbunge shauri lake. Tena, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola, akiwa na kibali halali cha kuishi huko anaweza kujiandikisha na kumpigia kura, au kumnyima.