Presha, rozari na dhikri: wacheni kuniambia mmewacha dawa

Wiki hii pekee wamekuwa wagonjwa watatu wa kuniambia wamewacha dawa ya presha kwa sababu ya sala. Wa mwisho ni mama mmoja wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, aliweka rozari yake juu ya meza hapa kliniki ya presha akaniambia, "Daktari, dawa niliwacha Jumamosi novena, ile sala ya siku tisa, ilipoanza, na Jumatatu nikapimwa presha ikapatikana iko sawa kabisa." Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikamfunga mkanda wa mashine: 182 kwa 106, juu sana.

Kati ya imani zote ninazosikia kuhusu sala, hii ndio inaniuma kuliko zote, ati sala imemaliza presha kwa hivyo tembe zikae kwa droo. Jamani, amlodipine, hiyo dawa yake ya presha, haitoki mwilini siku moja, nusu yake tu inachukua saa 30 mpaka 50 kutoka, kwa hivyo ile Jumatatu ni dawa ya Ijumaa bado ilikuwa inamshikilia, na ikishaisha hakuna dalili utasikia, presha inapanda kimya kimya.

Na sisemi sala haifanyi kitu mwilini, inafanya. 2001 watafiti wa Italia walipima watu 23 wakisema Salamu Maria kwa Kilatini, halafu mantra ya Kibudha, yaani maneno ya sala yanayorudiwarudiwa, "om mani padme hum", na zote mbili zikashusha pumzi hadi kama 6 kwa dakika wakati kawaida tunapumua 12 hadi 20. Maneno yenyewe yanakulazimisha utoe pumzi polepole, moyo unatulia. Lakini ukishainuka ukashika shughuli zako pumzi inarudi pale pale, na presha inataka kushikwa mchana na usiku. Mimi huwaambia hivi: tembe zikae kwa kifuko kimoja na rozari. Na wewe Muislamu, ukimaliza dhikri zako za 33, 33 na 34 baada ya swala ya alfajiri, meza dawa kabla hujatoka kwa mkeka.

Ati kurudiarudia maneno ni kufungulia pepo mlango? Fungua Zaburi 136, ina aya 26, na kila aya inarudia "fadhili zake ni za milele". Na jirani zetu wa hekaluni wanaorudia mantra zao pia wanaomba, tuwaheshimu.

Ati ukipiga kelele ndio sala inafika? Ukipumua haraka haraka kwa kesha, kaboni dioksaidi inatoka nyingi kupita kiasi, midomo na vidole vinachochota, kichwa kinazunguka. Kama Mungu amekugusa mimi sibishani, lakini mtu wa presha akifika hapo aketi chini kwanza. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, njoo koo iangaliwe.

Yule mama alimeza tembe yake pale pale mbele yangu, akauliza kama anaweza kumalizia mafumbo mawili ya rozari yaliyobaki kwa benchi hapo nje. Nikamwambia amalize mama, pole pole, halafu arudi nimpime tena.